Mukaiti: jiwe la baharini linalochimbwa nyikani

Haya jamani, pitisheni hilo jiwe taratibu kila mtu alishike, na msiliangalie juujuu tu, angalieni pale rangi ya damu ya mzee inapokutana na ile njano ya haradali, hazichanganyiki, mpaka uko wazi kabisa. Hilo ndo mukaiti, liko kwenye kundi la yaspi, mawe ya urembo yasiyopenyeza mwanga, jina hilohilo mnalolisoma kwenye Ufunuo, na linatoka sehemu moja tu duniani, maeneo ya Mooka Creek, karibu na safu ya milima ya Kennedy huko Australia Magharibi, nchi kavu ya kufugia mifugo.

Sasa kukavu hivyo, lakini jiwe limezaliwa baharini! Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi za dinosa, pale palikuwa bahari, na humo waliishi viumbe wanaitwa radiolaria, wa seli moja tu, humuoni bila hadubini, ila kila mmoja anajijengea kiunzi cha silika, malighafi ileile ya kioo. Wakifa viunzi vinazama vinatuama kwenye tope, mwaka nenda mwaka rudi, tope likawa mwamba, halafu maji ya ardhini yakawa yanayeyusha silika huku yanaigandisha kule, vitundu vikazibwa. Ndo maana likivunjika linabonyea kwa mapindo laini kama chupa nene.

Rangi zote hizo ni chuma. Nyekundu ni hematiti, njano ni goethiti, ambayo ni kutu yenye maji ndani yake, na pasipo na chuma panabaki krimu au nyeupe.

Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye skeli ya Mohs, kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, kisu cha kawaida hakilichani. Wanajiolojia wengi wanapendelea kuliita porselaniti, yaani mwamba wa silika unaofanana na kauri isiyong'aa, kuliko yaspi, na mi naona wana hoja, maana kuna vipande silika haijajaa vizuri, vinakunywa maji na havishiki polishi, kwa hiyo ukinunua ghafi liloweshe kwanza uone.

Halafu hawa wanaoliuza kama dawa ya kurudisha ujana, naumia kweli, hakuna ushahidi wowote, na jiwe lenyewe lina habari kubwa kuliko hiyo: kwenye mwamba huohuo hukutwa amonaiti, jamaa wa pweza waliokuwa na gamba la kujisokota, umbo lake limebaki kwenye silika.