Afua Ileile, Matokeo Tofauti

Ndugu wahadhiri na wanafunzi, asanteni kwa kunipa nafasi ya kuzungumza kwa Kiswahili hapa Kampala kuhusu swali hili: kwa nini afua ileile, yaani mpango uleule wa makusudi wa kuboresha hali, huleta matokeo tofauti?

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika zahanati 50 za wilaya 9 za Uganda. Wanakijiji walionyeshwa takwimu za zahanati yao, wakakaa kitako na wahudumu, wakakubaliana kirekebishwe nini na nani afuatilie. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko katika jamii za ulinganisho, ambazo hazikufanyiwa mikutano hiyo. Baadaye afua ya namna hiyo ilijaribiwa katika vituo 376 vya wilaya 16. Safari hii ubora wa tiba uliongezeka kidogo na wagonjwa wakaridhika zaidi, lakini vifo havikupungua, wala waliokwenda kutibiwa hawakuongezeka.

Wapo wanaouliza ni utafiti upi uliokosea, swali ambalo naona linatupotosha. Nchi yenyewe ilikuwa imebadilika: tafiti za kitaifa zilionyesha vifo hivyo vikishuka kutoka 90 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2011 hadi 64 mwaka 2016, na huenda pengo ambalo mikutano ingeliziba lilikwisha kupungua.

Tena afua changamano, yenye sehemu nyingi zinazotegemeana, si kidonge. Mfikirieni mama aliyefika kituo cha afya cha daraja la tatu na mtoto mwenye homa, mkononi ana daftari la shule alilolinunua ili aandikiwe matibabu. Mhudumu, aliyeahidi mkutanoni kuwahi kazini, yupo; anampima mtoto kwa upole, anaandika jina la dawa, kisha anamwambia mama akainunue dukani, kwa sababu ya kituoni imekwisha na mzigo mwingine haujafika. Ahadi imetimizwa, mtoto hajatibiwa. Takwimu za mwisho hazitakuonyesha mnyororo wa kutoka ahadi hadi tiba ulikatikia wapi.

Mwongozo wa mwaka 2021 wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza unataka tuchunguze pia jinsi afua inavyofanya kazi na mazingira yanavyoigeuza. Kwa hiyo, kabla ya kupima vifo, nendeni mkaulize: nani alihudhuria mkutano, nani alithubutu kusema mbele ya mganga mkuu, na siku ile rafu ya dawa ilikuwa na nini?