Bila Umeme, Bila Kiyoyozi: Hivi Ndivyo Ninavyolala Kwenye Veni Arizona

Wadau wangu, habari za huko. Wakubwa wote shikamooni. Na mama najua unaangalia: shikamoo mama, nimekula, nimeshiba, usiwe na wasiwasi.

Leo tuongelee usingizi. Tangu niwaonyeshe hii veni swali ni lile lile: "Dada, hapo unalalaje na hilo joto, na umeme hakuna?" Shangazi yangu wa Muheza yeye ana hakika kabisa kwamba nawasha gari usiku kucha ili AC ifanye kazi. Hapana, shangazi. Ningekuwa nimeshafilisika au nimeshakufa, kimojawapo, na hilo la kufa nitalirudia baadaye maana si utani.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa mkataba. Hospitali zikipungukiwa watu zinatuita, mkataba mara nyingi ni wiki 13, ukiisha unafunga virago unahamia kwingine. Wenzangu wanapanga vyumba, mimi nikanunua veni, ndefu, paa la juu, nasimama wima humu ndani. Sasa hivi mkataba wangu uko Phoenix, mji wa Arizona, huku Marekani. Na Phoenix, ndugu zangu, si joto la kawaida. Mwaka 2023 mji ule ulipitisha siku 31 mfululizo, kila siku joto linafika nyuzi 43 na kupita. Watu wanadhani mchana ndio mbaya. Mchana uko kazini, ndani ya jengo, una baridi mpaka unavaa sweta. Kazi ni usiku. Mwezi wa saba, joto la chini kabisa la usiku pale kwa wastani ni kama nyuzi 29. Yaani hiyo ndiyo alfajiri! Saa ambayo Tanga mtu anavuta shuka, Phoenix ukuta bado unatoa moto, kwa sababu zege na lami zimekunywa jua kutwa nzima na usiku zinalirudisha.

Kwa hiyo siku za kazi nakaa sehemu ya kulipia, nachomeka waya, nawasha kiyoyozi, nalala. Sioni aibu. Mtu anayeshika dawa za wagonjwa hatakiwi kuwa hajalala. Ninayowaambia leo ni ya siku zangu za mapumziko, huku porini.

Ngoja nigeuze kamera muone. Mnaona hii misonobari? Mnaona mimi na koti? Hii ni Arizona ile ile.

Kifaa cha kwanza cha kupoza veni ni usukani. Phoenix iko kama mita 330 juu ya usawa wa bahari. Hapa nilipo, nje kidogo ya Flagstaff, ni kama mita 2,100. Ni kilomita 230 hivi kwa barabara kuu namba 17, unapanda tu, unapishana na mimea ya miiba, baadaye vichaka, mwisho misonobari. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Watu wa Njombe na Limuru mnajua hilo bila kufundishwa. Lakini usiku tofauti ya huku na Phoenix inazidi hata hiyo hesabu, kwa sababu huku hakuna lami ya kutunza joto, hewa ni kavu, anga ni jeupe, ardhi inaachia joto lake lote juu. Mwezi wa saba usiku wa Flagstaff unashuka mpaka nyuzi 11 hivi. Wakati Phoenix wanahangaika na 29, mimi natafuta soksi.

Na hapa silipi hata senti. Huu ni msitu wa taifa, unaitwa Coconino, na sehemu nyingi wanaruhusu ulale bure nje ya kambi rasmi, mwisho siku 14, kisha uhame. Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna umeme. Takataka zako unaondoka nazo. Na kiangazi kikikaza wanapiga marufuku kuwasha moto wa kuni, kabisa, na hapo usilete ujanja, msitu huu ukishika moto ni mji mzima unahama.

Sasa ukishafika, unaegesha wapi? Hewa ya baridi ni nzito. Jua likizama inateremka kama maji na kutulia bondeni, kwa hiyo sehemu ya chini inakuwa baridi kuliko mgongo wa kilima. Ukitaka kupoa, shuka. Lakini, lakini, lakini! Usilale ndani ya korongo kavu. Kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka wa tisa kuna msimu wa mvua za radi huku, mvua inanyesha mlima ule kule, wewe hapa huoni hata wingu, halafu maji yanakuja yote kwa pamoja. Mchanga laini, mtambarare, hauna majani, unavutia kweli kuegesha. Huo mchanga nani kauleta? Maji.

Twende ndani. Joto linalokunyima usingizi usiku liliingia mchana. Hili watu wengi hawalielewi, wanaanza kuhangaika saa tatu usiku wakati godoro, kabati na bati la gari vimeshapata moto tangu saa sita. Veni ni sanduku la bati lenye vioo. Mlango mkubwa wa joto ni kioo cha mbele. Hiki kitambaa cha kung'aa, mnaona, nakifunga kwa NJE ya kioo, siyo ndani. Ukikiweka ndani, jua limeshapita kioo, joto limeshakuwa chumbani kwako, unachofanya ni kulificha tu. Kwa nje linageuzwa kabla halijagusa kitu. Upepo unakisumbua, ndiyo, kwa hiyo nabana pembe zake kwenye milango.

Madirisha ya nyuma nimekata vipande vya foili nene, ile yenye mapovu katikati, vinakaa kwenye fremu kwa sumaku. Gari nimechagua jeupe makusudi. Kuna veni nyeusi zinapendeza sana kwenye picha, wenye nazo Mungu awasaidie. Na egesha ukikumbuka jua la jioni, lile la saa tisa mpaka saa kumi na mbili ndilo kali kwa ukuta wa gari. Mimi naweka mti mkubwa upande wa magharibi. Mti wa mashariki unakupa kivuli cha asubuhi, jioni haukusaidii kitu.

Kupika, nje. Jiko la gesi likiwaka humu dakika ishirini umepoteza kazi yote ya kutwa, na mvuke juu yake.

Haya, feni. Tazameni juu. Hili tundu la paa lina feni ya volti 12, inatumia betri moja kwa moja, haihitaji inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nikiiweka ya chini hailambi hata ampia moja. Betri yangu ni ya ampia-saa 200, kwa hiyo usiku mzima wa feni ni kama nimechota kikombe kwenye pipa. Lakini kuna namna ya kuitumia. Mtu anafungua madirisha yote, anawasha feni, analala, anatoka jasho, anasema feni mbovu. Feni inavuta hewa kutoka tundu lililo karibu nayo. Ukifungua dirisha lililo chini yake pale pale, upepo unaingia na kutoka, wewe kitandani hujui habari. Mimi naweka feni itoe hewa nje, nafunga kila kitu, nabakiza dirisha moja dogo karibu na kichwa changu, upande uliokuwa kivulini. Hapo hewa haina njia nyingine, lazima ipite juu yangu. Dirisha lina wavu wa mbu na linafunguka kiasi cha vidole vinne, mkono wa mtu haupiti. Najua hilo ndilo swali linalofuata, mmezoea nondo.

Kitanda nacho msikisahau. Godoro likilazwa juu ya ubao mzima linakuwa blanketi la chini, joto la mwili halina pa kwenda. Nilimwambia fundi atoe ubao, aweke chaga. Akaniangalia kama nimetoka mwezini. Mimi nimelelewa nyumba yenye kitanda cha kamba, najua upepo ukipita chini ya mgongo mtu analalaje. Juu natandika pamba tupu, najifunika khanga. Yale mafuko ya kulalia ya nailoni waachie wapanda milima.

Sasa kuna usiku ambao feni haitoshi. Tuseme mkataba umeisha mwezi wa sita, niko njiani, gari liko chini jangwani, hewa ina nyuzi 33 saa nne usiku. Hapa nawaambia kama nesi: feni haipozi hewa, inasaidia jasho likauke. Hewa ikifika joto la ngozi, nyuzi 35 kwenda juu, ukijipulizia ukiwa mkavu unajiongezea moto. Kwa hiyo ulowe. Kitambaa chenye maji shingoni, miguu umenawa, fulana mbichi, halafu feni. Na mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, ngozi inaunguza, hapo siyo kumpepea, hapo mnamwagia maji na kupiga simu ya dharura huku mkimwagia.

Ndipo inapokuja ile AC ya maji. Mnaikumbuka mitungi ya bibi, jinsi maji yalivyokuwa ya baridi bila friji? Mtungi unatoka jasho, lile jasho likikauka linaondoka na joto. Hii mashine ni mtungi wenye feni, basi. Kuna sponji linalowa, hewa inapita. Jangwani mwezi wa sita, hewa ikiwa kavu kweli, inaweza kushusha joto hata nyuzi 10, na umeme inaotumia ni kidogo. Inakunywa maji tu, lita kadhaa kwa usiku, na lazima uache dirisha wazi unyevu utoke. Mvua za radi zikishika mwezi wa saba, nguvu yake inapungua.

Na hapa nina neno na ndugu zangu wa Dar, Tanga na Mombasa, kwa sababu naona mnauziwa hizo mashine madukani kwa maneno matamu. Pwani hewa imeshajaa maji. Sponji halikauki, joto halishuki, unachopata ni chumba chenye unyevu na nguo zinazonuka uvundo. Mtu wa Dodoma, kiangazi, nunua, utanikumbuka. Mtu wa Kigamboni weka hela yako mfukoni.

Vivyo hivyo ile video ya boksi la barafu na feni ndogo juu yake. Nimeona mnanitumia. Tupige hesabu. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zote zinanyonya joto ambalo kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinalitoa kwa dakika kama 16. Dakika 16, halafu umebaki na ndoo ya maji. Barafu kaiwekeni kwenye chupa, zungushieni taulo, lala nayo miguuni. Hapo inafanya kazi, kwa sababu inapoza mtu badala ya kupoza gari.

"Basi weka kiyoyozi cha paa utumie sola." Sawa. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 kinakula kama wati 1,300 mpaka 1,500 kikinguruma. Betri yangu ikijaa ina wati-saa 2,500 hivi. Haifiki saa mbili za mfululizo. Paneli zangu za wati 400, kwa jua zuri la Arizona, zinarudisha kama wati-saa 2,000 kwa siku. Yaani kutwa nzima ya jua ni saa moja na nusu ya baridi, na friji bado inadai chake. Viko vidogo vya betri vinavyokula theluthi ya hapo, watu wanavitumia, lakini vinataka betri mara mbili tatu ya hii. Anayeishi kwenye veni mwaka mzima na ana mbwa ndani, namuelewa. Mimi, kwa pesa hiyo, napanda mlima.

Shangazi, sasa lile la kufa. Gari likinguruma usiku kucha, au jenereta ikiwa chini ya dirisha, moshi wake una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ni gesi ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa. Hii kengele nyeupe hapa karibu na mto ni ya gesi hiyo, na naijaribu kila mwezi. Jenereta sina. Jirani akiwasha ya kwake upande upepo unakotoka, nahama, sigombani naye.

Kuna aliyeniuliza mkataba ujao ukiwa Florida au Houston nitafanyaje. Kule mlima hakuna, na usiku hewa ni kama Tanga mwezi wa pili, pengine na zaidi. Chaga, khanga, feni, vyote vitasaidia kidogo, AC ya maji naiuza kabla sijafika. Kule nalipia umeme kila usiku, na gharama hiyo naiandika kwenye hesabu ya mkataba kabla sijasaini.

Bei ya hii feni ya paa na kazi ya kukata bati nitaiwekea video yake, maana fundi yule alinichekesha. Mama, koti ninalo, umeliona.