Kipindi cha 31: Mzee Garasa

TATU: Karibuni tena. Leo tumepanga Griftlands, mchezo wa video wa karata, na nimeandika mambo matatu ya kuzingatia unapojenga pakiti yako ya karata. La kwanza...

SEFU: Tatu, nimemshinda.

TATU: Nani?

SEFU: Mla muda! Yule bosi wa sehemu ya tatu kwenye Slay the Spire, mchezo mwingine wa video wa karata.

TATU: Weee! Hongera kaka. Haya, simulia, maana wasikilizaji wanajua ulivyohangaika naye.

SEFU: Jumatano usiku. Si unajua anahesabu? Ukicheza karata ya 12, zamu yako inakatwa na yeye anaongezeka nguvu. Basi hesabu iko 11. Yeye kabaki na uhai 5. Mimi nina nguvu moja tu ya kuchezea, na juu ya kichwa chake limeonyeshwa pigo ambalo silihimili. Natazama mkononi: kinga, kinga, laana, na garasa.

TATU: Garasa gani?

SEFU: Strike. Ile ya kuanzia. Gharama 1, pigo 6. Nikaiweka mezani, akaanguka.

TATU: Ngoja. Ulifika kwa bosi wa tatu ukiwa bado na Strike?

SEFU: Moja. Zile nne nilishazitoa. Hii nilikuwa na dhahabu ya kumlipa mfanyabiashara aiondoe, nikashindwa. Nimeanza nayo safari, Tatu. Sasa naiita Mzee Garasa.

TATU: Hapana. Mzee Garasa hakukuokoa, ulilamba dume tu. Tangu Dominion, ule mchezo wa karata wa mezani, ilipotoka 2008 somo ni hilohilo: unaanza na karata 10 dhaifu, kazi yako ni kuzipunguza. Karata moja ndani ya 10, nusu ya nafasi kwamba utaivuta kwenye zile tano za kwanza. Ndani ya 25, inakuwa moja kwa tano. Kila garasa unalobeba linaisogeza mbali karata nzuri.

SEFU: Lakini lilikuja siku ya siku.

TATU: Ungelitoa, pale mkononi ingekuja karata nyingine.

SEFU: Ya gharama 2! Nililitazama fungu la kuvuta. Zimebaki 8, na za kupiga kwa nguvu moja ni 3 tu.

TATU: Fungu linakuonyesha zilizomo, halikuonyeshi mpangilio. Huwezi kujua ipi ingefuata.

SEFU: Wala wewe hujui.

TATU: Ninachojua ni kwamba bila Mzee Garasa ungemmaliza zamu mbili kabla.

SEFU: Mzee Garasa alikuwepo mwanzo, akawepo mwisho. Sikubali.

TATU: Mimi pia sikubali. Mara ngapi ulimvuta kabla ya hapo, akaja bure?

SEFU: ...Mara nyingi. Lakini sikubali.

TATU: Haya. Na ndiyo maana nilitaka tuongelee Griftlands, kwa sababu kule una pakiti mbili, ya kupigana na ya kujadiliana, na karata inapata uzoefu kila ukiicheza. Ikikomaa, unachagua moja kati ya njia mbili za kuiboresha.

SEFU: Kwa hiyo kule Mzee Garasa anakua!

TATU: Kule, ndiyo. Kwenye Spire hakui mpaka umpeleke mwenyewe kwenye moto wa kambi, pale pa kupumzika au kuboresha karata, na ukimboresha yeye usiku huo hupumziki.

SEFU: Ningempeleka.

TATU: Uache kurudisha uhai kwa ajili ya Strike?

SEFU: Kwa ajili ya Mzee Garasa.

TATU: Sefu, tumebakiza dakika moja. Mambo yangu matatu hata la kwanza sijalisema.

SEFU: Sema la kwanza.

TATU: La kwanza lilikuwa "toa karata za kuanzia mapema".

SEFU: Basi liache.

TATU: Siliachi, nalihifadhi. Na kama adui akijisalimisha kule Griftlands, umuue au umwache, nalo tutalibishania. Wiki ijayo.

SEFU: Mimi namwacha.

TATU: Wiki ijayo, Sefu!