Jani la Nne: Kuanzisha Makumbusho ya Historia ya 4-H

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni makumbusho ya vijana wa vijijini, na tumechukua 4-H ya Marekani, mtandao wa klabu za vijana ambao nembo yake ni jani lenye sehemu nne, kila moja na H yake: kichwa, moyo, mikono na afya kwa Kiingereza. Vikundi vyake vimelimbikiza vitu kwa zaidi ya miaka 100: riboni, makombe, madaftari, magauni waliyoshona wanachama. Kaka Mwita, mtu kapewa chumba na maboksi 30. Aanzie wapi?

MWITA: Asifungue hata boksi moja, dada. Achukue karatasi aandike: tunakusanya nini, cha wilaya gani, cha miaka ipi, na nini hatupokei. Asipofanya hivyo atajaziwa makombe yanayofanana, kwa sababu kila familia hutunza kombe. Daftari la katibu ndilo hutupwa.

ZUHURA: Na habari zote zimo kwenye daftari.

MWITA: Nani alipanda mahindi, eka ngapi, alivuna kiasi gani, nani hakuja mkutanoni. Kombe linakwambia tu kwamba kuna mtu alishinda.

ZUHURA: Halafu hati ya makabidhiano. Hapa watu huona haya: bibi wa watu kaleta zawadi, sisi tunamtolea karatasi asaini! Msainishe. Akija mjukuu kudai banera, hati ndiyo itakayosema ni ya nani. Na cha kuazima kiwe na tarehe ya kurudishwa. "Kaeni nacho tu" ni kesi inayosubiri siku yake.

MWITA: Baada ya hati, namba. Tuseme 2025.4.3: mwaka, mzigo wa nne kupokelewa mwaka huo, kitu cha tatu ndani ya mzigo. Karatasi unaiandika nyuma kwa penseli laini. Nguo unashonea kipande cha utepe wa pamba chenye namba. Kombe unapaka vanishi inayofutika, unaandika juu yake, unapaka tena. Selotepu isiguse kitu. Gundi yake hugeuka njano na doa halitoki.

ZUHURA: Vitu vingi havina tarehe. Banera, kwa mfano.

MWITA: Hapo ndipo pana utamu. Soma kiapo cha wanachama kilichoandikwa juu yake. Kilipitishwa 1927, na kiliishia kwenye klabu yangu, jamii yangu na nchi yangu. "Dunia yangu" iliongezwa 1973. Ukiiona dunia, banera haiwezi kuwa ya miaka ya 50. Usipoiona usishangilie bado, huenda mtu alinakili ya zamani. Tazama na nembo: mwanzoni jani lilikuwa na sehemu tatu. Ilipokuja ya nne, H yake kwa Kiingereza ilisimamia bidii kabla ya kuwa afya.

ZUHURA: Na yale maandishi madogo chini ya jani, 18 U.S.C. 707?

MWITA: Ni kifungu cha sheria ya shirikisho kinacholinda nembo. Kwa namba hiyo kipo tangu 1948, kwa hiyo beji yenye maandishi hayo ni ya baada ya hapo.

ZUHURA: Sheria hiyohiyo inaihusu makumbusho yenyewe. Usichape jani kwenye fulana za kuuza kabla ya idhini.

MWITA: Na kwenye vibao vya maelezo, neno "klabu ya kwanza" liogopeni. A. B. Graham alikusanya watoto Clark County, Ohio, 1902. Jessie Field alikuwa na kundi lake la watoto Page County, Iowa. Marie Cromer alianzisha klabu ya nyanya ya wasichana Aiken, South Carolina, 1910. Andika nani alifanya nini, wapi, lini. Ubishi waachie wageni.

ZUHURA: Kuna pengo jingine. Majimbo ya Kusini yalitenga klabu za watoto weusi na za weupe hadi miaka ya 60. Ukisubiri maboksi yaletwe, utapata upande mmoja. Nenda makanisani, nenda kwa waliosoma shule za weusi za wakati ule, uliza picha. Wasipotaka kutoa, piga skani pale pale na uwarudishie.

MWITA: Sasa uhifadhi. Riboni na nguo zipate mwanga wa laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), usizidi, na zionyeshwe kwa zamu, zikibadilishana kila baada ya miezi michache. Rangi iliyopauka hairudi. Pini za stepla zenye kutu zing'oe taratibu kwa kisu butu, usizivute.

ZUHURA: Na chupa za nyanya zilizosindikwa miaka hiyo?

MWITA: Piga picha, mwaga kilichomo, tunza chupa na lebo. Vifuniko huvimba, vikaharibu rafu nzima. Ila magunzi ya mahindi ya mashindano ndiyo hatari zaidi, huingiza wadudu kwenye sufu. Funga kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

ZUHURA: Watu wengi huharibu wakati wa kutoa.

MWITA: Wanafungua mfuko papo hapo. Hewa ya chumbani inakutana na kitu baridi, maji yanatanda juu yake, ukungu unaanza. Uache mfuko ukiwa umefungwa saa 24, upate joto la chumba, ndipo uufungue.