Mama, jipakulie kitoweo: protini na kupunguza mwili ukishavuka miaka 45

Karibuni jikoni kwangu, hapa Tabata. Feni nimeizima ili mnisikie vizuri, kwa hiyo mkiniona natokwa jasho msiseme ni lile joto la kukoma hedhi. Ingawa nalo lipo, sikatai.

Kabla sijawasha jiko, tazama sahani hizi mbili. Ya kushoto ni ya baba watoto: ugali, mchicha, kibua mzima. Ya kulia ndiyo niliyokuwa najipakulia mimi miaka nenda rudi: ugali ule ule, mchicha, mchuzi, na kichwa cha samaki ambacho hakuna aliyekitaka. Tunapakulia nyumba nzima, sisi tunabaki kukomba sufuria. Halafu tukikutana kwenye kikao cha kitchen party tunaulizana, shoga, hiki kitambi kimetoka wapi na mimi nyama wala sili? Ndiyo hapo hapo kilipotokea.

Nieleze kidogo, halafu tupike. Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja yanahamia tumboni. Na misuli nayo inapungua, tena ilianza taratibu tangu tukiwa kwenye miaka ya 30. Sasa ukiamua kupungua kwa kujinyima tu, asubuhi chai ya rangi, mchana tango, kilo zitashuka kweli, lakini sehemu ya kinachoondoka ni misuli. Siku ukichoka na matango, yanayorudi ni mafuta. Protini ndiyo inayolinda misuli wakati unapungua. Pia inashibisha muda mrefu, na mwili wenyewe unatumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu iliyomo kwenye protini kuisaga tu, wakati wanga unatumia asilimia 5 hadi 10.

Hatua ya kwanza, jua kiasi chako. Panda mzani. Mimi nina kilo 72. Zidisha mara 1.2: inakuja gramu 86. Hizo ni gramu za protini, si za nyama, hapo wengi wanakosea. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kina protini gramu 22 hivi, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kama uzito wako umezidi sana, piga hesabu kwa uzito unaoutaka, la sivyo utapata namba ya kutisha. Gawa kwa milo mitatu: mimi ni kama gramu 29 kila mlo. Usizirundike zote usiku.

Hapa nisimame kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo, hesabu hii si yako, muone daktari kwanza akupe yako. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze ugali ghafla bila kuongea naye, maana dawa ikibaki ile ile na wanga umepungua, sukari inaweza kushuka ukaanguka.

Hatua ya pili ni asubuhi, na Dar nzima inafeli asubuhi. Chai na maandazi mawili, protini haifiki gramu 10, na saa 4 njaa imesharudi. Angalia mimi ninavyofanya. Mayai mawili, nachemsha: gramu 12. Haya ni maharage ya jana usiku, nachota nusu kikombe, nayapasha bila kuongeza mafuta: gramu 7. Mtindi usio na sukari, kikombe cha mililita 250: gramu 8. Jumla 27. Chapati ukiitaka, kula moja, hakuna atakayekukamata. Ila anza na mayai.

Mtaniuliza uji wa lishe. Uji ule mnaosaga mahindi, ulezi, mtama, mchele na kiganja cha soya ni chakula kizuri, lakini bado ni uji wa nafaka. Kikombe kikubwa chenye sukari vijiko vitatu usikihesabu kuwa ni protini kwa sababu tu mmeuita lishe. Na karanga, jamani. Kiganja kimoja, gramu 30, kina protini gramu 7 lakini kalori kama 170. Nani kati yetu anakula kiganja kimoja? Tafuna kidogo kwa utamu wake, protini itafute kwingine. Yale makopo ya unga wa protini ya madukani sikuzuii, ila kwa bei ile napata trei za mayai.

Hatua ya tatu, mchana. Wengi mko kazini mnakula kwa mama ntilie, na pale shida si chakula, ni upawa. Mlima wa wali, maharage yamemwagiwa juu kama mapambo. Mwambie mapema kabla hajapakua: "Mama, wali nusu, maharage ongeza, na kipande cha samaki." Atakuangalia, lakini atazoea. Maharage kikombe kizima yana gramu 15, samaki kipande cha wastani kinakufikisha 30 na kitu. Choroko, kunde, mbaazi, ni ndugu moja na maharage. Yakiwa na tui zito la nazi, chota maharage yenyewe, mchuzi uache.

Hatua ya nne, hii nimeisubiri: chakula cha usiku, dagaa. Hawa ni wa Mwanza. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na hakuna kitoweo sokoni Buguruni kinachokupa hivyo kwa bei ile. Nimepima gramu 40 za kwangu peke yangu, wa familia wako pembeni. Sogea uone. Natoa vichwa, hivi, unabana kwa kidole gumba na kuvuta, utumbo unakuja nacho. Naosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, bila kuwakoroga sana wasivunjike. Ona mchanga huo chini ya bakuli. Ukiosha mara moja tu utautafuna wote mezani.

Wakishachuja maji, nawakaanga kwenye kikaango kikavu, bila mafuta kabisa, moto mdogo, mpaka wanaanza kulia kwa mwiko kama majani makavu. Nawaweka pembeni. Sasa mafuta: kijiko kimoja cha chakula. Nimepima, sikumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko hicho ni kalori 120, ukimimina kwa macho vinaingia vinne bila habari. Kitunguu, kikilainika tia nyanya mbili na karoti, funika ziive kwa maji yake zenyewe. Rudisha dagaa, hoho, dakika tano, kamulia ndimu baada ya kuzima moto. Chumvi onja kwanza, dagaa wengine wanakuja nayo.

Kupakua, fuata mpangilio huu. Dagaa kwanza, robo ya sahani. Mchicha nusu. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya bondia.

Hatua ya tano haihusu jiko. Misuli usipoipa kazi, protini peke yake haitaijenga. Kiti hiki cha kulia: kaa, simama bila kushika chochote, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Dumu la maji la lita 5 ni kilo 5, linyanyue kila mkono mara 10. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, na kutembea kwako kuendelee. Goti likiuma, weka mto kwenye kiti usishuke chini sana.

Mzani panda mara moja kwa wiki, asubuhi. Ukishuka nusu kilo, inatosha. Zaidi ya mzani, chukua futi ya fundi cherehani uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Kwa wanawake, sentimita 80 ndipo hatari ya kisukari na moyo inapoanza kupanda, 88 imepanda sana. Mimi nilianza na 94, sasa nina 89, na kilo zilizoondoka hazifiki nne.

Nasikia wameshaanza kugombania viti huko mezani. Sahani yangu hii hapa, nimeipakua ya kwanza na nimeifunikia. Haya, tuwapelekee na wao.