Stadi ya Gurudumu Ikikatika: Jinsi ya Kuitoa na Kutia Mpya Bila Kuumiza Beringi

Assalaam aleikum, karibuni tena hapa uwanjani petu Magongo. Gari la leo ni Probox, na shida yake mwaiona wenyewe: gurudumu la mbele upande wa dereva lina mahali pa nati nne, lakini nati ziko tatu. Pale pa nne pamebaki kisiki cha chuma. Mwenye gari alipata pancha usiku akitoka kivuko cha Likoni. Nati moja ikamgomea, akapanda juu ya spana kwa mguu, akasikia tak! Nati ikaanguka chini na nusu ya bolti imo ndani yake.

Bolti hiyo isiyo na kichwa cha spana, inayotokeza kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ikapita ndani ya rimu, mafundi tunaiita stadi. Imeshindiliwa kutoka nyuma ya habu, na kinachoishikilia ni meno madogo yaliyozunguka shingo yake. Haikuchomelewa wala haina nati kwa nyuma. Kwa hivyo ya zamani hutoka kwa kusukumwa nyuma, na mpya huingia kwa kuvutwa mbele. Nasema kuvutwa, si kupigwa nyundo, na nitaeleza kwa nini tukifika hapo.

Kabla ya jeki, nipe kwanza hicho kipande kilichokatika. Mpwa wangu, lete kamera karibu, karibu zaidi. Watu wengi hukitupa hiki, nami naomba usikitupe hata siku moja kabla hujakitazama mwangani. Tazama uso wake pale ulipokatika. Ni bapa, na una mikwaruzo inayozunguka, kama ugali uliosongwa kwa mwiko ukaachwa. Maana yake stadi imesokotwa mpaka ikakatika: nati iliganda, spana ikazunguka, chuma kikasokoteka. Na hapa kwenye thredi, ile mistari ambayo nati huizungukia, kutu imejaa, nyekundu. Hiyo ni chumvi yetu ya bahari. Gari linalolala Nyali au Bamburi, au linalovuka feri kila siku, hupata kutu ambayo gari la bara halina.

Ungekuta shingo imekuwa nyembamba kama mshumaa uliovutwa, ungejua stadi ilikazwa kupita kiasi ikarefuka. Lakini uso unaonitisha mimi ni wa tatu. Unakuta sehemu kubwa ni laini, ina mistari ya mawimbi iliyopangana, kama ile ambayo maji kupwa huiacha mchangani, na pembeni pana kipande kidogo kilichoparara. Stadi ya namna hiyo haikukatika siku moja. Nati ilikuwa imelegea, gurudumu likawa linacheza, ufa ukaanza na kusonga kidogo kidogo kila siku, mpaka pakabaki chuma kidogo kisichoweza kubeba tena. Ukiona mawimbi hayo, badilisha stadi zote za gurudumu hilo, kwa sababu zilizobaki zimepitia mateso yaleyale. Tazama na matundu ya rimu pia. Yakiwa yameanza kuwa na umbo la yai, rimu hiyo haifai tena.

Nimewahi kuona gurudumu likitoka garini kwenye mteremko wa Miritini. Dereva aliliona likimpita kando ya mlango wake, yeye bado ameshika usukani, nalo likavuka barabara hadi upande ambao watu walikuwa wakingoja matatu. Halikumpata mtu, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo sikubali gari liondoke hapa na nati tatu ati kwa sababu mwenyewe ana haraka. Gurudumu la stadi nne likipoteza moja, tatu zinabeba kazi ya nne. Kwa dharura unaweza kujikokota polepole hadi kwa fundi wa karibu, ikiwa hizo tatu zimekaza sawasawa. Nairobi huendi nalo.

Haya, tuanze. Vifaa: wili spana ya 21, jeki na stendi, soketi ya 17, waya, brashi ya waya, washa tano au sita za chuma ambazo tundu lake linapitisha stadi, na nati moja kuukuu ya saizi ileile.

Uwanja huu ni mchanga, kama viwanja vingi vya hapa, na jeki kwenye mchanga huzama upande mmoja bila wewe kujua. Weka ubao mpana chini yake. Vuta handbreki, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati zilizobaki gari likiwa bado chini, kisha lipandishe na uliweke juu ya stendi. Lisukume kwa bega. Likitikisika, lishushe uanze upya. Jeki ni ya kupandishia tu, usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Gurudumu limetoka. Nyuma ya kalipa ya breki, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, kuna bolti mbili kubwa za 17, moja juu na moja chini. Fungua hizo, kalipa itatoka nzima pamoja na pedi zake. Sasa ifunge kwa waya kwenye springi, hivi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki, maana mpira huo ukichanika ndani hutauona, utajua siku breki zitakapokuangusha. Na mtu yeyote asikanyage breki wakati kalipa iko nje.

Diski nayo imegandishwa na kutu. Usiipige. Tazama usoni mwake: kuna matundu mawili madogo yenye thredi. Hayo yaliwekwa kwa kazi hii. Chukua bolti mbili za milimita 8, zitie humo, kaza hii kidogo na hii kidogo, kwa zamu. Zinasukuma habu, diski inaachia yenyewe. Umesikia? Imetoka. Tia alama ya chaki kwenye diski na kwenye habu, ili irudi ilivyokuwa.

Sasa kisiki. Nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu mbele na nyuma, ungoje robo saa. Wakati unangoja, zungusha habu utafute pale ambapo nyuma pana nafasi ya stadi kutoka. Hapa kwenye Probox nafasi iko upande ilipokaa kalipa, kwa sababu bati la kuzuia vumbi limekatwa hapo. Kuna magari ambayo nafasi hiyo haipo kabisa. Hayo habu yake lazima ing'olewe, na kazi hiyo ipeleke kwa fundi mwenye preshi, ile mashine ya kushindilia. Kwa gurudumu la nyuma lenye dramu, mambo ni hayohayo, ila viatu vya breki ndivyo vinavyoziba njia.

Mafundi wengi hapa huchukua nyundo. Nami nimepiga nyundo miaka mingi, kwa hivyo naelewa. Lakini ndani ya habu mna beringi, na ndani ya beringi mna gololi zinazotembea kwenye njia laini kama kioo. Kila pigo kwenye stadi linafika kwenye gololi, na gololi inachimba kijishimo kwenye njia yake. Gari litatoka hapa likiwa zuri. Baada ya wiki chache, ukifika mwendo wa 60, linaanza kunguruma, na mwenyewe anarudi kununua beringi ambayo haikuwa na kosa. Tumia klampu kubwa ya chuma, au ile puli ya kutolea boljointi: upande mmoja uikalie stadi, upande wa pili ukalie soketi iliyozunguka kichwa chake kwa nyuma. Kaza pole pole. Inalia krrr, halafu inaachia. Ikiwa huna budi kutumia nyundo, iwe nzito na mapigo yawe machache, yaliyonyooka. Mapigo arubaini ya kinyundo chepesi ni mabaya kuliko matatu ya nyundo ya kilo moja na nusu.

Sasa kabla hatujaendelea, nataka kujaribu stadi tatu zilizobaki. Nachukua nati nzima, naizungusha kwa vidole tu. Hii inateremka mpaka mwisho. Hii pia. Hii... imekwama katikati. Narudisha, najaribu tena, palepale. Hakuna uchafu, nimepiga brashi. Thredi zimevutika, yaani stadi hii imerefuka, na ingekatika siku nyingine barabarani. Kwa hivyo leo tunatia mbili.

Dukani usiseme tu "nipe stadi ya Toyota". Nenda na ya zamani, hata kama ni vipande viwili, na nati yake. Linganisha urefu, na unene wa shingo pale penye meno, kwa sababu ikiwa nyembamba kidogo tu itazunguka ndani ya tundu na hutaweza kufungua nati tena. Halafu thredi. Toyota, Honda, Mitsubishi na Mazda, magari yake madogo mengi hutumia stadi ya unene wa milimita 12 yenye hatua ya 1.5, yaani milimita moja na nusu kutoka mstari mmoja wa thredi hadi unaofuata. Nissan na Suzuki nyingi ni 12 kwa 1.25. Kwa jicho zinafanana sana. Zungusha nati kwa vidole papo hapo kaunta: ikizunguka mara mbili ikakaza, si yake.

Na mtu akikwambia achomelee nati kwenye kisiki, au achomelee stadi kwenye habu, mshukuru na uondoke. Chuma cha stadi kimetiwa ugumu kwa moto wa kipimo. Ukikipiga weldingi ugumu huo unaharibika, na mafuta na sili za beringi zinaungua.

Tunatia mpya. Safisha tundu kwa brashi. Ingiza stadi kutoka nyuma, uizungushe polepole mpaka uhisi meno yake yamekaa kwenye mifereji ya meno ya zamani. Kidole kinahisi, inakuwa kama ufunguo uliopata kitasa chake. Sasa kwa mbele tia washa zote, na katikati ya washa na washa paka grisi kidogo, kwenye washa tu. Halafu nati kuukuu, iliyogeuzwa: upande bapa uguse washa, upande wa mchongoko uangalie nje. Weka nondo katikati ya stadi nyingine ili habu isizunguke, na ukaze kwa mkono. Bunduki ya upepo iache pale ilipo. Kwa mkono utahisi ugumu ukipanda, ukipanda, kisha ghafla ni kama umegonga ukuta. Simama hapo. Ingia nyuma na tochi: kichwa cha stadi kiwe kimelala kwenye habu pande zote. Ukiona mwanga upande mmoja, bado. Toa washa, nati kuukuu itupe, imeshaumia.

Rudisha diski kwenye alama ya chaki, baada ya kusugua kutu inapokutana na habu. Rudisha kalipa, kaza bolti zake mbili kwa kipimo cha gari lako. Kisha kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Fanya hivyo sasa, kabla injini haijawashwa na kabla hujasahau.

Gurudumu. Nati zote nne zianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Kaza kwa msalaba: juu, chini, kulia, kushoto. Usipake grisi thredi za stadi. Najua hapa pwani wengi wanapaka kwa ajili ya kutu, na nia ni njema, lakini thredi yenye grisi huteleza, na kwa nguvu ileile ya spana stadi huvutwa zaidi. Brashi ya waya inatosha. Na ikiwa umebadilisha rimu za chuma ukatia za aloi, hakikisha nati ni za rimu hizo, umbo la nati lazima lifuate umbo la tundu.

Shusha gari, ukaze mwisho kwa spana ya kipimo, ile toki renchi: nyutoni mita 103 kwa gari hili. Ukiwa huna, shika hesabu hii. Spana ya sentimita 25, ukiisukuma mwishoni kwa nguvu ya kilo 40 hivi, umekaribia 100. Kilo 40 ni pungufu ya mfuko wa saruji. Mtu wa kilo 80 akisimama juu ya spana ya nusu mita, anafika karibu 400, mara nne ya kinachotakiwa. Ndivyo ile stadi ya pili ilivyorefuka, ama kwa mguu, ama kwa bunduki ya upepo iliyoachwa ikipiga.

Mwenye Probox anaenda Malindi Ijumaa. Nimemwambia asimame Kilifi, kiasi cha kilomita 60, aegeshe kivulini, aache rimu zipoe, kisha apitishe spana kwenye nati zote nne. Zikiwa zimekaa, aendelee na safari. Ikiwa kuna iliyosogea, aikaze, na akifika Malindi aitazame tena, akirudi aje nimwone. Toki renchi yangu nimemuazima, iko kwenye buti.