"Umepanda ndege kwenda kusomea picha?" Leo najibu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sijapika wala sijaenda sokoni, nimekaa tu hapa chumbani kwangu, maana kuna swali limenichosha. Kila nikiweka video, hata ile ya theluji, nalikuta pale chini: "Dada, unasomea nini hasa huko Ujerumani?" Nikijibu historia ya sanaa, linafuata la pili: umepanda ndege kwenda kuangalia picha? Na juzi mtu kaandika kwamba masomo haya ni ya watoto wa wenye hela. Huyo ndiye aliyenikalisha hapa.

Najua wengine mtasema naringa, wengine mtasema nalialia. Mimi nasema yaliyonikuta mimi. Mwenzangu anayesoma mji mwingine anaweza kukwambia tofauti kabisa, na akawa mkweli.

Tuanze na hela, maana ndipo maneno yalipo. Ada silipi. Majimbo mengi hapa vyuo vya serikali havitozi ada. Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa muhula kwa sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo angalia jimbo kabla hujapenda jina la chuo. Ila visa ndiyo kazi. Wanataka waone hela ya kuishi mwaka mzima, imekaa kwenye akaunti iliyofungwa. Nilipoomba mimi zilikuwa euro 11,904, hizo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Na huwezi kuzichota utakavyo, unaachiwa 992 kila mwezi, basi.

Kwetu hakuna mtu mwenye milioni 30. Mama alikopa kikoba, kiwanja cha Pongwe kikauzwa, baba mdogo akatukopesha zilizobaki. Baba mdogo huyo huyo, siku nilipoweka picha nimesimama mbele ya makumbusho Berlin, alimpigia mama akamwambia mtoto wako anakula raha, deni kalisahau. Iliniuma. Saa kumi na moja alfajiri nakuwa nimeshashika mopu kwenye ofisi za watu, saa nne niko darasani. Deni lake nalipa kila mwezi na risiti ninazo. Nimesema.

Halafu lugha. Shahada ya kwanza ya somo hili hapa mara nyingi ni kwa Kijerumani, na si Kijerumani cha kuombea maji, ni kiwango cha C1, cha pili kutoka juu kati ya sita. Mimi kilinichukua miaka miwili. Vyuo vingine wanadai na Kilatini juu yake, hivyo sikuviomba kabisa.

Sasa, tunasoma nini. Siku ya kwanza mwalimu aliweka picha mbili ukutani, moja kushoto, moja kulia. Ni mtindo wa zamani wa somo hili, uliotangazwa sana na Heinrich Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa wa Uswisi, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Akasema: elezeni mnachokiona. Huruhusiwi kusema nzuri. Unasema mwanga unatoka wapi, nani anamtazama nani, mchoraji kakusimamisha wapi wewe unayeangalia. Dakika arobaini na tano, picha mbili tu. Nilitoka pale kichwa kinauma.

Baadaye tukaambiwa kila mtu alete kitu cha kwao. Nikaleta kanga ya mama, jina lake "Wema hauozi". Nikaeleza: hii pindo ya kuzunguka, huu mji wa katikati, hili jina, yaani maneno yaliyochapwa. Mwalimu akauliza, mtu akijifunga, jina linakaa upande gani? Nikajifunga pale pale mbele ya darasa. Likaangukia nyuma, chini ya kiuno. Akauliza tena: basi analisoma nani?

Wapendwa, nimelala kwenye kanga, nimebebwa kwenye kanga, sikuwahi kuulizwa hivyo. Kila mwanamke wa pwani anajua jina linasomwa na anayekuja nyuma, awe wifi, jirani au mke mwenza. Ndiyo maana ukiletewa doti unaanza na jina. Lakini kumbe hilo tunalolijua ndilo somo lenyewe: nani anaonyeshwa, nani anaonyesha, na kila mmoja kasimama wapi. Nikaenda maktaba. Nikakuta kwamba kabla ya viwanda vya kwetu kama Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968, kanga zetu zilichapwa Uholanzi, Uingereza, baadaye Japani na India. Za zamani majina yaliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Fikiria mtu wa kiwandani Uholanzi anachapa fumbo asiloweza kulisoma, linavuka bahari, linakuja kutimiza kazi yake Zanzibar. Hapo nilijua sijakosea kozi.

Lakini sitawaficha. Mwaka jana darasa letu lilikwenda Florence, Italia. Kila mmoja alipewa kazi moja ya sanaa aielezee akiwa amesimama mbele yake. Mimi nilipewa Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini, aliyoichora Masaccio ukutani miaka ya 1420. Nikasoma miezi miwili. Najua kwamba yale majani waliyofunikwa yaliongezwa na watu wa baadaye, yakaondolewa ukuta uliposafishwa miaka ya 1980. Najua mdomo wa Hawa ulivyo wazi, macho yamekuwa mashimo mawili meusi. Kibali changu cha kuishi kikaisha wiki mbili kabla ya safari. Nilikuwa nimeomba miadi ya kukiongeza muda mapema sana. Wakanipa tarehe, siku tatu baada ya wenzangu kurudi, kwa hiyo sikwenda. Niliandika barua pepe nne, hakuna aliyejibu. Maelezo yangu yalisomwa na mwanafunzi mwingine, mbele ya ukuta ambao mpaka leo sijauona. Mwenye pasi ya hapa hawezi kulielewa jambo hili, na nimechoka kumweleza.

Ajira? Nafasi za makumbusho ni chache. Ukimaliza unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, na mimi sijamaliza, kwa hiyo siwezi kuwaahidi chochote. Mdogo wangu akiniambia anataka kuja kusomea hiki, nitamuuliza kwanza hela ya akaunti inatoka kwa nani, na huyo mtu ana roho gani.

Sasa nina ombi. Nataka kuandika tasnifu yangu juu ya kanga. Kama bibi yako ana kanga yenye jina kwa herufi za Kiarabu, msiikate matambara. Itandazeni mchana, pigeni picha pindo, mji na jina, kila kimoja peke yake. Na muulizeni bibi aliinunua wapi, na siku ya kwanza aliivaa akipita mbele ya nani.